Vidato vya Mnazi

Mwaka 1962, katikati ya masika, wakati njia ya kutoka Tanga kuja Pangani ilipokuwa tope tupu na barua zikichelewa wiki hata mbili, nilipokea kwa siku moja bahasha mbili, na kwa sababu ya bahasha hizo nyumba yetu, ambayo tangu nipate akili sikuwahi kusikia ndani yake sauti ya baba ikipanda juu ya sauti ya mama, iliingia katika kimya kilichodumu takriban mwezi mzima. Barua ya kwanza ilitoka Makerere, Kampala, nayo ilinikubali kusoma taarikhi na fasihi ya Kiingereza. Ya pili ilitoka Dar es Salaam, katika chuo kilichofunguliwa Oktoba iliyotangulia, kisichokuwa bado na majengo yake chenyewe, kilichojisitiri katika jumba la chama cha TANU kwenye mtaa unaoitwa leo Mtaa wa Lumumba, na kitivo chake kilikuwa kimoja tu, kitivo cha sheria. Nilichagua hicho cha pili. Wazee wenzangu ambao wajukuu wao wanamaliza kidato cha sita wamenitaka mara nyingi niwaeleze sababu, na kwa kuwa maelezo ya barazani hukatwa na adhana au na mvua kabla hayajafika mwisho, nimeona heri niyaandike.

Asiyeishi zama zile ni taabu kwake kufahamu uzito wa jina la Makerere. Kwa watu wa umri wa marehemu baba yangu lilikuwa ni jina la daraja, mfano wa uliwali au ukadhi. Mwalimu Nyerere, ambaye miezi michache kabla alikuwa ameiongoza Tanganyika kuupata uhuru wake, alisoma pale kuanzia mwaka 1943 hadi 1945; na kila kijana wa mwambao aliyebahatika kwenda huko, akasafiri kwa treni kupitia Moshi na Voi na Nairobi, alirudi ana suti na ana cheo, na watu wazima wakimpisha njia. Baba alikuwa mchuuzi wa mbata, mtu wa haya nyingi na maneno machache, lakini matokeo yangu yalipokuja hakuweza kujizuia: baada ya sala ya isha aliwaambia waliokuwa wameketi kwenye baraza ya msikiti kwamba mwanawe anakwenda Makerere, na asubuhi yake habari ilikuwa imekwisha kuvuka mto na kufika Bweni. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Mzazi aliyebeba magunia ya mbata kwa miaka ishirini ana haki ya kusema neno moja la furaha mbele ya wenzake.

Lakini mimi nilikuwa na jambo moyoni ambalo baba hakulijua, nalo lilianza nikiwa na umri wa miaka kumi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa karani katika baraza la Liwali, na siku zisizo za skuli ilikuwa ni kazi yangu kumpelekea chakula chake cha mchana. Siku moja nilikuta shauri linasikilizwa, nikaketi kizingitini na kikapu changu mapajani. Mdai alikuwa mjane mmoja wa Mwera, amejitanda kanga, ameketi juu ya jamvi; na mdaiwa alikuwa mwenye ardhi ambayo marehemu mume wa yule mjane aliipanda minazi arobaini kwa idhini ya baba yake huyo mdaiwa. Waliopatana walikuwa wamekufa wote wawili, hati haikuwapo, na mdaiwa akishikilia kwamba madhali ardhi ni yake, basi na kilicho juu yake ni chake. Liwali hakumkatiza. Alipokwisha alimwuliza mjane ana shahidi gani, naye akamwita mkwezi, mzee mwembamba mwenye nyayo ngumu kama ngozi iliyoanikwa, ambaye alikula yamini, kisha akasema kwamba vidato vya minazi ile alivikata yeye kwa mkono wake, kwa amri ya marehemu na kwa ujira wa marehemu, na kwamba mwenye shaka na aende akatazame: katika kila mnazi kidato cha tatu kutoka chini amekikata upande wa kushoto, karibu mno na cha pili, kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa na kilema tangu utotoni.

Vijana wa leo wanalijua neno kidato kwa maana ya darasa, na huenda hawajui kwamba kabla ya hapo ni mkato huo ambao mkwezi huukata katika shina la mnazi apate pa kutia mguu. Liwali aliahirisha shauri, akatuma watu wawili wakatazame, nao wakarudi baada ya alasiri wakasema ni kweli, kidato cha tatu kiko kushoto, mnazi baada ya mnazi. Mjane alipewa minazi yake, na mwenye ardhi akabaki na ardhi yake, kama ilivyo ada ya mwambao tangu dahari, kwamba mti una mwenyewe na udongo ulio chini yake una mwenyewe mwingine.

Usiku ule usingizi ulinipotea. Kesho yake nilimwuliza mjomba ada ile imeandikwa katika kitabu gani. "Haimo kitabuni, mpwa wangu," alinijibu huku akifunga majalada yake kwa uzi, "imo vichwani mwa watu, nao watu wanakufa." Tangu siku hiyo, kila likizo nilimwomba anipe hukumu za zamani nizinakili kwa hati nzuri, kazi ambayo yeye aliichukia na mimi niliipenda, na hata nilipofika kidato cha nne nilikuwa nimekwisha kujaza madaftari mawili ya habari za rehani, mirathi, wakfu na mipaka ya mashamba, si kwa kuamrishwa na mwalimu wala kwa kuogopa mtihani.

Sasa, mpaka kufika mwaka 1961, Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyetaka shahada ya sheria hapakuwa na mahali pa kuisomea katika nchi zetu. Aghalabu alikwenda London, akajiunga na mojawapo ya zile jumuiya za mawakili zinazoitwa Inns of Court, akajifunza sheria za ardhi za Waingereza, kisha akarudi kwao anajua jinsi nyumba ya London inavyopangishwa, na hajui mnazi wa Mwera ni wa nani. Haya si maneno yangu pekee. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning, jaji mashuhuri wa Uingereza, katika ripoti yake ya mwaka 1961, ilikiri kwamba mafunzo ya namna ile hayakulingana na kazi iliyokuwa ikiwangoja Waafrika makwao. Chuo cha Dar es Salaam kilizaliwa katika fikra hizo, na karatasi ya maelezo iliyoambatana na barua yangu ilikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba wanafunzi watasoma pia sheria za mila na za Kiislamu kama zinavyotumika katika nchi hizi. Niliisoma sentensi hiyo nimesimama mlangoni pa posta, mvua ikinyesha, nikairudia mpaka karatasi ikaloa.

Baba aliponisikia alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Nitawaambia nini watu?" Sikuwa na jawabu la kumridhisha. Nilisema, "Waambie mwanao anakwenda kusoma sheria, baba," naye akajibu kwamba sheria inasomwa Ulaya, na kwamba chuo kisicho na nyumba yake ni kama mtu asiye na kwao. Ndipo kilipoanza kile kimya. Mama alinipakulia chakula bila ya kunitazama; baba alibadilisha njia ya kwendea msikitini ili asipite kwenye baraza yake ya kila siku; na jambo hili ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwa maana nilijua ni mimi niliyemtia katika fedheha hiyo, na mara mbili nilikaa chini na kalamu niandike barua ya kukubali Makerere, na mara mbili nikaiacha.

Aliyetutoa ni mjomba. Alikuja jioni moja, akanywa kahawa, akazungumza habari za bei ya mbata, kisha akaniuliza mbele ya baba, "Kitabu gani umekisoma mwaka huu bila ya kuambiwa na mtu?" Nilitaja majalada yake ya hukumu. Akamgeukia baba akasema, "Shemeji, mtoto huyu amekwisha chagua tangu ana miaka kumi. Wewe na mimi tumechelewa." Baba hakusema kitu usiku ule, lakini asubuhi nilimkuta amenitolea sanduku lake la safari, la bati, na amelipaka mafuta bawaba zake.

Jumba lile la Lumumba halikuwa na utukufu wowote wa kutazama. Chini watu wa chama waliingia na kutoka tangu asubuhi, na kelele za mtaani zilipanda mpaka madarasani. Rafu za maktaba zilikuwa na nafasi nyingi kuliko vitabu. Na kwa sababu vitabu vya sheria za nchi zetu vilikuwa havijaandikwa, walimu walikusanya hukumu za huku na huku wakazichapa kwa stenseli, tukapewa karatasi ambazo wino wake ulitutia weusi vidoleni hadi saa ya chakula. Kundi la kwanza, lililotutangulia kwa mwaka mmoja, lilikuwa la wanafunzi 14, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja tu, Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Walimu, takriban wote wageni, walitujua kila mmoja kwa jina na kwa mji wake, na walipofika kwenye mlango wa ardhi au wa ndoa walisimama, wakaweka chaki, wakauliza: kwenu ikoje? Mkikuyu akasema yake, Mganda akasema yake, Mhaya akasema yake, na zamu yangu ilipofika niliyafungua madaftari yangu mawili.

Mwaka uliofuata baba alikuja Dar es Salaam kwa shughuli zake za mbata, akapita kunitazama bila ya kunipa habari. Nilimwona kutoka dirishani, amevaa kanzu na kofia yake ya viua, amesimama ng'ambo ya barabara anaangalia jengo juu mpaka chini, na nilijua anachotafuta: mnara, kengele, bustani, kitu cha kwenda kusimulia. Niliteremka mbio, nikampa shikamoo, nikampandisha. Katika ukumbi mwembamba tulikutana na mwalimu wetu wa sheria ya ardhi, kijana wa Kizungu ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha kutambaa, naye aliposikia kwamba mzee huyu ni mtu wa mashamba ya Pangani alimwomba, kwa adabu na kwa msaada wa tafsiri yangu, amweleze jinsi mtu anavyoweka rehani minazi bila ya kuweka rehani ardhi. Baba alidhani ni maneno ya kumkaribisha mgeni, akajibu kwa ufupi. Mwalimu akauliza tena: na mwenye deni akifa? Na minazi ikiangushwa na upepo? Na nazi zinazoanguka zenyewe kabla ya siku ya kukwea ni za nani? Baba aliketi. Alieleza kwa muda wa saa nzima, akihesabu kwa vidole, akichora mipaka juu ya meza kwa ncha ya bakora yake, na yule mwalimu aliandika kila neno, na mahali asipofahamu alimsimamisha akamtaka arudie.

Sikupata kumsikia baba akikisifu chuo kile. Lakini mjomba alinihadithia baadaye kwamba aliporudi Pangani aliirudia baraza yake ya zamani, na watu walipomwuliza mwanawe yuko chuo gani hasa, aliwaambia, "Walimu wa pale wanauliza," na hakuzidisha neno.

Insafu inanilazimu niseme pia nilichokikosa. Nilikuwa na rafiki tuliyesoma pamoja bara, kijana wa Tanga, yeye akaenda Makerere wiki zile zile nilizokwenda mimi Dar es Salaam, na barua zake zilikuwa zikinitia hamu ambayo sikumficha: majoho mekundu, michezo ya kuigiza, mijadala ya usiku, na harufu iliyokuwa haijatoka ukumbini ya ule mkutano wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza, uliofanyika pale Juni 1962, mwezi ule ule ambao sisi wa Kiswahili tulimzika Shaaban Robert. Yeye alikuwa mtu wa fasihi tangu utoto, akisoma hata karatasi iliyofungiwa sukari, na Makerere ilimfaa kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chake. Kwa hiyo sina la kusema dhidi ya Makerere, na anayeyasoma maneno yangu kuwa ni shutuma kwa vyuo vikubwa hakunifahamu. Tena nilipokwenda mwenyewe huko, miaka miwili baadaye, pamoja na wenzangu wa chuoni, nilijifunza kwamba Makerere yenyewe ilifunguliwa mwaka 1922 na wanafunzi 14, hesabu ile ile ya kundi letu la kwanza la Lumumba, na kwamba walichokuja kusoma ni useremala, ujenzi na umakanika. Nilisimama chini ya lile jengo jeupe lenye mnara nikawafikiria vijana wale na misumeno yao, ambao bila ya shaka hapakuwa na mtu aliyewasifu barazani.

Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 sisi tulihamia Mlimani, katika majengo mapya yanayonuka saruji. Baraza la Liwali lilikuwa limekwisha kufutwa, mahakama za mwanzo zimeshika mahali pake, na nilipotoka chuoni nilikwenda kuwa hakimu, kazi niliyoifanya mwambao na bara mpaka kustaafu. Miaka yote hiyo niliyasikia mashauri kwa Kiswahili na nikaandika nyingi ya hukumu zangu kwa Kiingereza, jambo lililonisikitisha hata Bunge lilipobadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama.

Kuna mwingine ambaye ni lazima nimtaje, ingawa kwa huzuni. Mtoto wa shangazi yangu, mwenye mikono iliyoweza kuifungua injini ya mashua na kuirudisha gizani, alipelekwa ng'ambo kusoma udaktari katika chuo ambacho jina lake linajulikana dunia nzima. Hakuutaka udaktari, wazee waliutaka, na hasa walilitaka lile jina. Alivumilia miaka mitatu. Aliporudi bila ya shahada hakuna aliyemtukana, lakini kila aliyemwona alimwuliza habari za chuo, na yeye akaacha kutoka mchana. Injini hakuzigusa tena. Nimewaona wanafunzi wengi walioshindwa masomo kwa uvivu au kwa kukosa ada, na hali zao zinatibika. Lakini kijana aliyevishwa jina lisilo lake na likamvuka, sijaona dawa yake, na mimi nilimpenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Wazazi hudhani kwamba chuo kinachomfaa mtoto ni chuo chepesi. Sheria haikuwa nyepesi kwangu. Katika mwaka wa kwanza nilianguka mtihani mmoja, na usiku mwingi nililala juu ya karatasi. Kinachotofautiana ni namna ya uchovu, kwa sababu mtu anayechoka akilitafuta jawabu la swali lake mwenyewe huamka kesho na swali lingine. Wala sisemi kwamba jina la chuo ni kitu bure. Ziko kazi ambazo milango yake hufunguliwa na jina, na mtoto wa maskini asidharau ufunguo wowote. Lakini anayeliuliza jina la chuo na aulize pia ni nani atakayemfundisha mwanawe mwaka wa kwanza, na darasani watakuwa wangapi, na je, mwalimu akimwona njiani atamjua; aulize kama wanafunzi hutolewa nje kwenda kuiona kazi inapofanyika, shambani, mahakamani, wodini, au hukaa na vitabu mpaka siku ya mahafali; na kama anaweza, asafiri, akasimame mlangoni pa chuo siku ya kazi, asikilize wanafunzi wanazungumza nini wanapotoka darasani. Baba yangu alifanya hivyo mara moja tu, tena kwa bahati.

Mwaka jana mjukuu wangu, ambaye amekua akizama na wanawake wa mwani na ambaye tangu ana miaka saba ameniuliza maswali juu ya majongoo ya bahari nisiyoweza kuyajibu, alipata alama za kumpeleka katika chuo kikuu ambacho mama yake alikuwa amekwisha kukitaja kwa ndugu wote. Yeye alitaka Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi cha Bagamoyo, akasomee stashahada ya ufugaji wa samaki na viumbe wa majini. Nyumba ikaingia kimya. Nilimwita nikamwambia, "Nionyeshe ulichokiandika mwaka huu bila ya kuambiwa na mtu," naye akaniletea simu yake, na ndani yake picha mia na zaidi za mashimo ya kaa kwenye mikoko, kila moja na tarehe yake na saa ya maji kujaa. Nilimpa mama yake azitazame, nikatoka nje nikawaacha.

Aliondoka Pangani kwa basi la alfajiri, siku ya Jumamosi, na sanduku la bati la baba yangu.